Mnamuuliza mwimbaji, mimi nauliza gitaa la kati

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki, "Mwanamuziki gani wa Afrika Mashariki anakumbukwa kwa wimbo mmoja tu ilhali alistahili zaidi?", limenigusa pabaya. Majibu mtakayopata nayajua. Wengi watamtaja Fadhili William na "Malaika". Wa Mombasa watawataja Them Mushrooms na "Jambo Bwana" ya 1982, ule wimbo wa watalii. Mmoja wawili watamkumbuka Daudi Kabaka, ambaye "Helule Helule" yake ilirudiwa na bendi ya Waingereza, The Tremeloes, mwaka 1968. Sina ugomvi na hao. Ila wote wanatajwa kwa sababu sura na sauti zao zilikuwa mbele.

Mimi nina watu ambao wimbo wao unajulikana na kila mtu na wao hawajulikani. "Sina Makosa" ya bendi ya Les Wanyika: upigeni Tanga, upigeni Kisumu, ukumbi mzima utaitikia. Kisha ulizeni nani anapiga gitaa la kati humo ndani, lile la mdundo linalokaa kati ya solo na bezi. Kimya.

Ni Omar Shabani, waliyemwita Profesa. Bezi ni ya Tom Malanga, ngoma za Rashid Juma, solo ya John Ngereza.

Wimbo ule hauwezi kueleweka bila Novemba 1978, kwa hiyo mnivumilie. Simba Wanyika ilikuwa bendi ya ndugu, Wilson, George na William Kinyonga, vijana wa Tanga waliopitia bendi ya Jamhuri Jazz, wakahamia Arusha, na mwaka 1971 wakavuka mpaka kwenda Mombasa, baadaye Nairobi. Wao ndio waliokuwa na jina na nyimbo. Nyuma yao walisimama waajiriwa. Mwezi ule waajiriwa wakaondoka kwa mpigo: gitaa la kati, bezi na ngoma, pamoja na mwimbaji Issa Juma ambaye hata hakuwa amekaa sana. Wakamchukua Ngereza, Mtanzania mwenzao aliyekuwa Orchestra Bwambe Bwambe, wakajifungia mazoezini, wakaibukia ukumbi wa Garden Square, Nairobi, wakiitwa Les Wanyika. Jina la Wanyika walikwenda nalo, na tangu hapo likazaa mpaka msomaji wa leo anachanganyikiwa. Issa Juma naye alikuja kuwa na Super Wanyika yake.

Angalieni nani aliondoka. Bendi ikipoteza mwimbaji hutafuta mwingine, mashabiki wakanung'unika miezi miwili, yakaisha. Ikipoteza gitaa la kati, bezi na ngoma siku moja, imepoteza mwendo. Wale watatu walikuwa wamezoeana kiasi kwamba hakuna aliyehitaji kujaza nafasi ya mwenzake. Simba Wanyika walijijenga upya, wakatoa "Haleluya" na "Shilingi", nyimbo nzuri sana, lakini sikilizeni mwendo: si ule. Ule ulihamia kwa Les Wanyika, na "Sina Makosa" ndiyo hati ya kuhama kwake.

Mwendo huo unafanyaje kazi? Gitaa la kati halichapi nyuzi zote sita. Mkono wa kushoto hukaa juu kwenye shingo ya gitaa, wa kulia hudonoa nyuzi mbili tatu nyembamba, mojamoja, kwa mzunguko mfupi unaorudi vilevile dakika nenda dakika rudi. Kiganja hugusa nyuzi karibu na daraja, pale zinapofungiwa kwenye mwili wa gitaa, ili kila mlio ufe upesi, usiuingilie unaofuata. Bezi haifuati mzunguko huo. Malanga hupiga kifungu, kisha hunyamaza, na katika kimya chake ndipo unapolisikia gitaa la Shabani. Ngereza naye hasemi wakati mwimbaji anasema. Hakuna saksafoni ya kuziba mapengo, ndiyo maana kosa la mmoja lingesikika mara moja.

Kwa nini basi tumewasahau? Sehemu ya lawama ni ya sahani yenyewe. Santuri za Nairobi za wakati ule zilikuwa za inchi 7, mizunguko 45 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba dakika nne au tano. Wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande wa pili. Maneno mengi yalikuwa upande wa kwanza, magitaa yakaachiwa uwanja upande wa pili. Sasa, mtangazaji mwenye haraka hageuzi sahani. Na ukitaka kuongeza dakika kwenye upande mmoja, mifereji ya sindano lazima ibanane, na wa kwanza kuumia ni bezi, kwa sababu mlio mzito ndio unaohitaji mfereji mpana. Mchongaji wa sahani huupunguza mlio huo ili sindano isiruke. Juu ya hayo yote, lebo katikati ya sahani iliandika jina la bendi na la mtunzi. Nani kapiga nini, hakuna.

Leo hali ni mbaya zaidi, kwa sababu ya simu. Uzi mzito kabisa wa gitaa la bezi hutetemeka mara 41 kwa sekunde. Spika ya simu, ndogo kama ukucha, haiwezi kuusukuma hewani. Kwa hiyo kijana anayeniambia "Sina Makosa" ni wimbo wa maneno matamu anasema kweli kuhusu alichosikia. Avae spika za masikioni zinazoziba vizuri, auache wimbo upite mara moja akifuata bezi peke yake, mara ya pili akifuata gitaa la kati, maneno ayapuuze (yapo tu, hayaendi popote). Redio ya nyumbani ikivuma sana, apunguze bezi kwa mara ya pili ile, Shabani atajitokeza.

Bendi za harusi zimewazika zaidi kuliko redio. Kopi ya "Sina Makosa" huharibika kwa njia zilezile kila mara. Mpiga gitaa la kati huchapa nyuzi zote, kwa kuwa ndivyo alivyojifunza kanisani, akaifunika bezi. Mpiga bezi, akiona nafasi, anaijaza. Anadhani mwenye wimbo aliisahau. Kinanda kinamwaga sauti ndefu juu ya kila kitu. Mpiga ngoma anawatazama wachezaji badala ya kusikiliza, kila ubeti unakwenda kasi kidogo kuliko uliotangulia, na rumba ikishakimbia si rumba tena. Kisha mshereheshaji anaonyesha saa, sehemu ya pili inakatwa. Dawa si ngumu: kinanda kinyamaze, bezi ipunguze nusu ya inachotaka kusema, na ngoma iufuate mkono wa gitaa la kati, isifuate miguu ya watu. Ni bendi chache zenye nidhamu hiyo.

Najua mtu atanyanyuka kunipinga: Les Wanyika si bendi ya wimbo mmoja. Ana haki. Kuna "Paulina", kuna "Afro", kuna "Kajituliza", na baadaye "Amigo". Mzee yeyote wa Nairobi au Mombasa atakuimbia zote. Ninachosema ni kwamba ukumbini Dar es Salaam leo zinapigwa moja, na hiyo moja inapigwa vibaya.

Nilipoanza barua hii nilitaka kusema wimbo mmoja unaovuma ni kaburi la mwanamuziki. Sasa sina uhakika huo. Wilson na George Kinyonga walikuwa na nyimbo nyingi kuliko vidole vya mikono na miguu. George alifariki 1992, Wilson 1995, na vijana wa leo wanawachanganya na waajiriwa waliowaacha. Wingi haukuwakinga. Shabani na Ngereza nao wametangulia, lakini wimbo wao unapigwa kila Jumamosi, na mwenye masikio anaweza kuwasikia humo wakiwa katika kilele chao. Pengine wimbo mmoja unaosikilizwa mpaka mwisho, pande zote mbili, unatosha. Pengine. Familia zao zingekuwa na jibu jingine, maana kukumbukwa hakulipi ada ya shule.

Kwa hiyo, kwa mizani ya swali lenu jinsi lilivyoulizwa, watu wangu hawaingii: mmoja si mwimbaji, mwingine si mwenye bendi, na bendi ina zaidi ya wimbo mmoja. Kama ni lazima kura yangu iwe na jina, niandikieni Fadhili William, yule Mtaita wa "Malaika", aliyefariki Februari 2001 baada ya kuuona wimbo ukienda hadi kwa Miriam Makeba na Harry Belafonte huku wengi wakidhani ni wa Makeba. Na huo nao una mgogoro, kwa sababu Mtanzania Adam Salim alidai kuutunga yeye, miaka ya 1940. Hesabuni kura hiyo kwa tahadhari.

Mkija kuchapisha orodha ya washindi, na mkipenda kuweka "Sina Makosa" popote pale, chini ya jina la bendi muongeze mstari mmoja: gitaa la kati, Omar Shabani, bezi, Tom Malanga. Na mkiupiga kwenye redio yenu, geuzeni sahani.

Msomaji wenu,
Tanga