Maswali na Majibu: Swichi Isiyoonekana kwenye Ramani ya Mtandao

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni fundi wa kompyuta katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, hapa Shimanzi, Mombasa. Fundi aliyenitangulia aliondoka bila kuacha mchoro wowote wa mtandao, kwa hiyo nimeweka programu ya ufuatiliaji ya LibreNMS kwenye seva ya zamani ili itambue vifaa na kuchora ramani yenyewe. Imeonyesha ruta na swichi (visanduku vinavyounganisha kompyuta kwa nyaya) za ofisini, lakini vifaa vya ghalani havimo, ingawa kompyuta za huko zinafanya kazi. Tena inaonyesha kwamba swichi mbili za ofisini zimeungana moja kwa moja, ilhali nimeona kwa macho yangu kuwa waya unaotoka katika mojawapo unaingia kwanza kwenye kisanduku kilichofichwa juu ya dari. Je, programu imekosea? — Fundi, Shimanzi

JIBU: Ndugu yangu, programu haijakosea na macho yako hayajakudanganya. Ramani ile haichorwi kwa kuona nyaya. Inachorwa kwa kuviuliza vifaa vyenyewe, na kila kifaa hujibu yale tu kinachoyajua kuhusu jirani yake.

Kazi hiyo hutegemea zaidi itifaki (kanuni za mawasiliano) ya LLDP, ambayo vifaa hujitambulishia kwa majirani, na ambayo taasisi ya wahandisi ya IEEE iliitoa mwaka 2005 kwa nambari 802.1AB. Kwa kawaida, kila baada ya sekunde 30 swichi inayoitumia hutuma kwenye kila poti (tundu la waya) tangazo fupi lenye jina lake, nambari ya poti na maelezo ya aina yake. Swichi iliyo upande wa pili hulihifadhi tangazo hilo kwa sekunde 120, kisha hulifuta lisiporudiwa. Vifaa vya Cisco vina itifaki yao ya zamani zaidi, CDP, ambayo hutangaza kila sekunde 60. LibreNMS haisikilizi matangazo hayo moja kwa moja, bali huviendea vifaa kwa itifaki ya SNMP, ya kuuliza vifaa hali zao, kupitia poti ya UDP nambari 161 (huu ni mlango wa programu, si tundu la waya), ikasoma orodha ya majirani iliyohifadhiwa na kila kimoja, halafu ikaunganisha ushahidi wa pande zote. Ni kama mzee wa mtaa anayepita nyumba kwa nyumba akiuliza jirani ni nani: nyumba ambayo haikumfungulia mlango haiingii daftarini, hata kama taa zake zinawaka.

Vifaa vya ghalani havikufungua mlango, na sababu zinaweza kuwa kadhaa. Huenda SNMP imezimwa kwenye swichi ya huko, au neno lake la siri ni tofauti na lile uliloipa programu, au ukuta wa moto (firewall, kichujio cha data) ulio kati ya mtandao wa ofisi na wa ghala unazuia poti 161. Jaribu amri ya snmpwalk, inayouliza kifaa kwa SNMP, kutoka kwenye seva yako ukielekea anwani ya swichi hiyo. Ikikaa kimya, tatizo liko hapo, wala usihangaike na mipangilio ya ramani. Ikijibu, basi angalia LLDP, kwa kuwa kwenye swichi nyingi za Cisco haijawashwa zinapotoka kiwandani. Halafu kuna masharti mawili ya LibreNMS yenyewe ambayo huwapoteza mafundi wengi: programu hiyo haiongezi kifaa ilichokigundua kupitia jirani ikiwa anwani yake haimo katika mitandao uliyoiruhusu, na kwa kawaida haikiongezi kwa anwani tupu ya IP, yaani nambari yake ya mtandaoni, bali hutaka jina linalotambulika na DNS, mfumo unaobadili majina kuwa anwani. Ukisharekebisha, kumbuka kwamba ugunduzi hufanyika kila baada ya saa sita usipouanzisha kwa mkono, kwa hiyo usikate tamaa ramani isipobadilika papo hapo.

Sasa tuje kwenye kile kisanduku cha darini, ambacho naona ndicho kiini cha barua yako. Naamini ni swichi ya bei nafuu, ile isiyo na anwani, isiyo na neno la siri, na isiyojua SNMP wala LLDP. Matangazo ya LLDP hutumwa kwenye anwani maalumu, 01:80:C2:00:00:0E, ambayo swichi inayofuata kanuni haipaswi kuipitisha upande wa pili. Swichi nyingi za bei nafuu huipitisha tu kama data nyingine yoyote. Matokeo yake ni kwamba swichi zako mbili zinasikilizana kupitia kile kisanduku bila kujua kwamba kipo katikati, kila moja inaapa kuwa mwenzake yuko upande wa pili wa waya, na programu inachora mstari ulionyooka kati yao. Kisanduku chako kingefuata kanuni, ungeona tatizo tofauti: swichi mbili zisizo na mstari wowote kati yao ingawa data inapita vizuri.

Swichi bubu ya namna hiyo huacha nyayo, na nyayo zake hupatikana kwenye jedwali la anwani za MAC (nambari ya utambulisho ya kila kifaa) la swichi inayosimamiwa, yaani ile unayoweza kuiingia na kuipangia. Lisome saa za kazi, wakati kompyuta zinatumika, kwa sababu swichi nyingi hufuta anwani ambayo imekaa kimya kwa sekunde 300. Chukulia kwamba poti ya 14 ina anwani tisa za MAC lakini haina jirani yeyote wa LLDP: hapo pana kitu kinachogawa waya mmoja kwa vifaa vingi. Usihukumu haraka, kwani kifaa cha waifai hubeba anwani za wateja wake wote, seva yenye mashine pepe (kompyuta za kuigizwa ndani yake) hubeba za mashine hizo, na simu ya mezani yenye kompyuta nyuma yake huonyesha anwani mbili. Dalili nyingine, ambayo naiamini zaidi, ni poti moja kuripoti majirani wawili wa LLDP ambao wote ni swichi, kwa maana waya mmoja hauwezi kuishia mahali pawili.

Baada ya hapo inabaki kazi ambayo hakuna programu itakayokufanyia. Paneli ya kuunganishia nyaya, kigeuzi cha faiba (kebo ya nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga), kifaa cha kupeleka umeme kwenye kamera, na njia ambayo kebo inapita ukutani havitangazi chochote. Panda ngazi ukiwa na kifaa cha kufuatilia waya na uandike lebo pande zote mbili za kila kebo. Ufikapo kwenye kile kisanduku, angalia kinapata umeme wapi, maana aliyekiweka huenda alikuwa anakwepa kikomo cha mita 100 cha kebo ya shaba, akakichomeka kwenye soketi ya taa ambayo mlinzi huizima jioni. Chunguza na vichwa vya nyaya: hewa ya chumvi ya Pwani huvila taratibu, na programu yako itakuonyesha hilo mapema kupitia hesabu ya makosa kwenye poti kabla waya haujakatika kabisa.

Ushauri wangu ni kukiondoa kisanduku hicho na kuweka swichi inayosimamiwa. Kati ya ofisi na ghala, bajeti ikiruhusu, vuta faiba, ambayo haijali mita 100 na haipitishi umeme wa radi kutoka jengo moja hadi jingine wakati wa masika. Kisha utunze kumbukumbu mbili: ramani ya LibreNMS ya hali ilivyo, na orodha ya hali inavyopaswa kuwa, kwa mfano kwenye NetBox, ambayo ni programu huria. Zikipishana, pana mtu aliyegusa waya.

SWALI: Mimi ni meneja wa hoteli Nyali. Kampuni inayotuhudumia inataka kuwasha SNMP na LLDP kwenye vifaa vyote. Je, wageni hawataweza kuyasoma hayo? — Bi. Meneja, Nyali

JIBU: Dada yangu, hofu yako ni ya haki. SNMP ya toleo la 1 na la 2c hupitisha neno lake la siri waziwazi, na vifaa vingi bado vina neno la kiwandani, public, ambalo kila mtu analijua. Waagize watumie toleo la 3 lenye uthibitisho na usimbaji, ruhusa ya kusoma tu, na kifaa kijibu anwani ya seva ya ufuatiliaji peke yake. LLDP iwake kati ya swichi na swichi, na izimwe kwenye poti za vyumbani na za ukumbi wa mikutano, kwa kuwa tangazo lake humpa yeyote aliyechomeka kompyuta aina ya kifaa na toleo la programu yake. Wageni wawe na mtandao wao uliotengwa. Wakikuambia kwamba vifaa vyenu havina toleo la 3, waombe orodha ya vifaa hivyo kwa maandishi na muda wa kuvibadilisha.

SWALI: Je, programu hizi zinaweza kuchora hadi kebo za baharini zinazotia nanga hapa Mombasa, kama TEAMS? — Mwanafunzi, Tudor

JIBU: Hapana. Vifaa vya mtoa huduma havitakujibu kwa SNMP, na kujaribu kuvilazimisha kunaweza kukuingiza katika Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018. Unachoweza kufanya ni kupima njia kwa amri ya traceroute, ambayo hukuonyesha baadhi ya ruta zilizo njiani, si kebo. Ifanye kila siku kuelekea seva ileile na uhifadhi muda wa majibu. Kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika tarehe 12 Mei 2024, mwenye kumbukumbu ya namna hiyo angeweza kulinganisha njia na muda wa kabla ya siku hiyo na wa baada yake.