Kampanula za kutambaa: maji yasikae shingoni

Maua haya ya kengele huuawa zaidi na maji yanayotuama shingoni, pale mashina yanapoanzia, kuliko na kiu. Porini aina nyingi humea kwenye nyufa za miamba ya chokaa: juu pakavu, chini mizizi imejificha penye ubaridi. Bustani ya mawe au chungu viige hali hiyo.

Kabla ya kununua, soma jina lote. Campanula portenschlagiana, yenye asili ya Dalmatia, pwani ya Kroatia, hubaki fungu la sentimita 15 hivi kwenda juu. Campanula poscharskyana hurusha mashina hata ya sentimita 60 na kupenya chini kwa chini. Ukiiweka jirani na mimea midogo ya miambani itaifunika yote. Hiyo ipe ukuta. Campanula isophylla ndiyo nzuri zaidi kwa kikapu cha kuning'inia, ila haistahimili jalidi.

Mchanganyiko wa chungu: sehemu mbili za udongo wa bustani, moja ya mboji iliyochekechwa, moja ya kokoto za milimita 3 hadi 6. Usitumie mchanga laini badala ya kokoto, kwa kuwa huziba nafasi za hewa. Wengi hutandika kokoto chini ya chungu wakidhani maji yatatoka upesi. Hayatoki: maji hayashuki kirahisi kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto, hivyo tabaka lenye maji mengi husogea juu, karibu na mizizi. Funika tundu kwa kipande cha wavu, jaza mchanganyiko, kisha inua chungu juu ya vigingi vidogo. Kokoto zitandaze juu, unene wa sentimita 2, kuzunguka shingo.

Kwenye ufa wa mawe, panda mche mchanga. Mkubwa ukiukamua uingie, mizizi hukatika. Kung'uta udongo, laza mizizi ielekee ndani, shindilia udongo, kisha kaza kwa vijiwe. Mwagilia mpaka uanze kuchipua.

Mbegu ni kama vumbi na zinahitaji mwanga. Nyunyiza juu, usifukie, weka trei ndani ya maji ilowe kutoka chini. Katika nyuzi 15 hadi 20 huota kwa wiki mbili hadi nne. Njia ya haraka zaidi ni kugawa fungu, kila kipande kiwe na mizizi yake.

Maua yakinyauka, kata mashina yabaki sentimita 4. Mara nyingi yatachanua tena. Mbolea yenye naitrojeni nyingi huleta majani bila maua.

Mmea ukilegea huku udongo una maji, usiongeze maji: mizizi inaoza. Ukilegea chunguni na kung'oka kwa mguso, tafuta funza weupe wasio na miguu, wenye kichwa cha kahawia, wamekula mizizi. Majani yaliyotoboka na utelezi unaong'aa ni kazi ya koa. Watafute usiku kwa tochi, hasa chini ya ukingo wa chungu.