Salio la kasino ya mtandaoni ni deni wanalodaiwa

Mkuu, umeuliza kama kasino ya mtandaoni ikiwa na leseni, pesa yako kule iko salama. Mimi ni wakala wa pesa za simu Temeke, wanaotoa ushindi wao nawahudumia kila siku, na mwenyewe nacheza. Leseni pekee haitoshi.

Pesa ikiwa kwenye simu yako, tangu 2015 sheria ya Tanzania inaitaka kampuni ya pesa za simu ihifadhi fedha za wateja kwenye akaunti ya amana benki, mbali na za kwake. Ukishaituma kasino, umetoka kwenye ulinzi huo. Namba unayoiona kule ni deni tu, na inategemea kama wanazo za kukulipa.

Full Tilt Poker, tovuti ya kucheza karata za poka kwa pesa, walikuwa na leseni ya kisiwa cha Alderney. Marekani ilipowabana Aprili 2011, ikabainika wanadaiwa na wachezaji takriban dola milioni 390 huku benki wana kama milioni 60. Wamiliki walikuwa wameshagawana zaidi ya milioni 440! Mpaka siku ile kila mchezaji aliliona salio lake kwenye skrini likiwa kamili. Wachezaji waliokolewa na PokerStars, washindani wao, walioinunua kampuni hiyo 2012, na Wamarekani wakaanza kulipwa 2014.

Hata Uingereza, kwenye usimamizi mkali, kampuni inalazimika kukutajia daraja la ulinzi wa pesa yako, na daraja la chini kabisa, yaani hakuna ulinzi, linaruhusiwa. Ikifilisika, unapanga foleni na wadai wengine.

Kuna tovuti ya nje ilinizungusha mimi. Kuweka ilikuwa sekunde chache. Kutoa, wakataka kitambulisho cha NIDA, kisha picha nikiwa nimekishika, kisha taarifa ya benki, na kila nikituma jibu ni "tunahakiki". Muda wote huo kitufe cha kurudisha pesa mchezoni kilikuwa wazi, na naamini kiliwekwa makusudi. Walinilipa baadaye, lakini sikurudi.

Kwa hiyo soma masharti utafute wanaposema fedha za wachezaji zinakaa wapi. Wasiposema, chukulia kwamba hazijatengwa na za kwao. Jina la kampuni lililoandikwa chini ya ukurasa liulizie Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Weka kidogo, uhakiki kitambulisho mapema, ujaribu kutoa kabla hujaongeza. Bonasi ikatae, maana mara nyingi inafunga pesa yako hadi uichezee tena na tena. Na ukishinda, toa siku hiyo hiyo.