Maswali na Majibu: Msongo wa Seli

Msongo wa seli ndiyo haya mawazo ya maisha? (Msomaji, Area C)

Hapana. Nimeshalijibu hili mara tatu. Seli haijui kodi ya nyumba. Msongo wake ni joto, mionzi ya jua, chumvi au sukari iliyozidi, na sumu.

Tumefundishwa kwamba JNK huua seli. Ni kweli? (Mwanafunzi wa chuo, Dodoma)

Ni nusu ya kweli. JNK na mwenzake p38 ni kinasi zinazowashwa na msongo wa seli, yaani vimeng'enya vinavyobandika fosfeti kwenye protini nyingine ili kuziamsha au kuzituliza. Muda ndio unaoamua mengi. Zikiwaka kidogo na kuzimika, seli hupata nafasi ya kujikarabati. Zikiwaka kwa saa nyingi, JNK huielemea mitokondria, yaani vinu vya nishati vya seli, na seli hujiua. Kifo hicho nacho kina faida, maana seli yenye vinasaba vilivyoharibika ikikataa kufa inaweza kuwa mwanzo wa saratani. Acheni kukariri kwamba hiki kizuri, hiki kibaya.

Juisi ya zabibu zangu ni tamu mno, hamira inachelewa kuchachua. Kwa nini? (Mkulima, Hombolo)

Swali zuri sana hili. Hamira ina ndugu wa p38 aitwaye Hog1. Sukari nyingi huvuta maji nje ya seli, Hog1 huwaka, na seli hutengeneza gliseroli, kemikali inayoshikilia maji, ili ibaki na maji yake. Kazi hiyo huchukua muda. Loweka hamira kavu kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya kuitia, na usithubutu kuongeza sukari.

Nina maumivu ya mgongo, nameza parasetamoli 10 hadi 12 kwa siku. Si dawa nyepesi tu? (Msomaji, Nkuhungu)

Acha leo, uende hospitali upimwe ini. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mnywaji wa pombe au aliyekonda sana apewe kiwango chake na daktari. Ini likizidiwa, glutathioni yake, yaani kinga yake dhidi ya sumu, huisha na mabaki ya dawa yenye sumu hung'ang'ania protini za mitokondria. JNK huwaka, huhamia huko huko kwenye mitokondria na kuchochea uharibifu uliokwisha kuanza. Siku ya kwanza unaweza kujiona mzima kabisa. Dawa ya kuokoa ini ipo, asetilisisteini, na hufanya kazi vizuri zaidi ndani ya saa 8, kwa hiyo aliyezidisha asisubiri macho yawe ya njano. Wauza dawa mnaompa mtu huyo huyo pakiti kila asubuhi bila kumuuliza, mnanisikitisha. Nanyi mnaosaga mahindi yenye ukungu, ini ni hilo hilo: sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Kuna kidonge cha kuzima p38? (Msomaji, Kondoa)

Vilijaribiwa kwa wagonjwa wa baridi yabisi. Nafuu ilififia baada ya wiki chache, na baadhi yao ini liliathirika. Anayekuuzia "kituliza seli" stendi, usimpe hela yako.