Re: Mbwa aina ya Newfoundland wa miezi 8 anagoma kuingia maji ya kina

Mkuu, umesema anaishia kulowesha miguu tu, na jamaa wamekushauri umsukume. Usithubutu! Ni kweli mbwa hawa wana utando katikati ya vidole na manyoya ya tabaka mbili yanayozuia maji, lakini hilo halimaanishi wanazaliwa na ujasiri. Ukimtupa mara moja tu, anaweza kuogopa maji moja kwa moja.

Ingia wewe kwanza. Tafuta ufuko wenye mteremko wa taratibu, mvalishe jaketi okozi lenye mshikio mgongoni, kisha simama pale maji yanapomfika kifuani na umwite. Kama yupo mbwa mwingine aliyezoea kuogelea, mpeleke naye. Mara nyingi hapo ndipo kazi inapokwisha. Akipiga maji kwa miguu ya mbele tu huku nyuma inazama, mshikilie chini ya tumbo hadi alale sawa.

Mambo ya kurudisha boya (kitu kinachoelea unachomrushia akuletee) yafundishe nchi kavu kwanza. Kama hatii "njoo" na "achia" kwenye majani, majini utapiga kelele bure. Baadaye rusha kitu kinachoelea, karibu sana, ukiongeza umbali kidogo kidogo.

Vipindi viwe vifupi, maana akimeza maji mengi yasiyo na chumvi, chumvi ya damu hushuka, na hiyo inaweza kuua. Akianza kuyumba, kutapika au tumbo kujaa, daktari wa mifugo haraka.

Kuruka kutoka gatini subiri kwanza, viungo vyake bado vinakua. Na masikio ukaushe kila mara.