Jibu: Siku moja huru Dar, mimi na mke wangu

Habari ndugu. Umesema semina inaisha Ijumaa, mmefikia Posta, katikati ya jiji, Jumamosi nzima mko huru, na mkeo anapenda mvinyo. Hofu yako ni foleni kuwamalizia siku.

Kwanza amua: kisiwani au mjini. Msichanganye. Mimi niliwahi kutoka Posta saa nne kwenda Kunduchi nipande boti ya kisiwa cha Mbudya. Nikafika jua la utosi na tukakaa kisiwani muda mfupi mno. Mkichagua Mbudya, saa moja asubuhi muwe barabarani. Ulizia nauli na kiingilio kabla ya kupanda, na msikubali boti isiyo na jaketi okozi.

Ila kwa siku moja tu, mimi ningebaki mjini. Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, mnafika kwa miguu. Fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililopatikana Olduvai mwaka 1959 liko hapo. Kisha Feri, soko la samaki, mle samaki wa kukaanga na ndimu na pilipili. Vaeni viatu vya kufunika, chini kuna maji.

Jioni nendeni Slipway, Msasani, kabla ya saa kumi na mbili, mkae upande wa bahari, jua linazama mbele yenu. Hapo ulizeni mvinyo wa Dodoma. Mkeo asipopenda utamu, aseme mapema anataka usio na sukari, maana mwingi ni mtamu. Mkirudi, piteni Coco Beach mle mihogo na mishikaki.