Kwa fedha chache, aanze na mtutu

Waalaykum salaam, ndugu yangu wa Shela. Umeuliza, kwa niaba ya mpwa wako anayeishi Texas, atumie fedha zake chache kwenye sehemu zipi za bunduki ya AR-15 ya kulengea shabaha. (Hapa Lamu swali lenyewe lisingekuwepo, kwani sheria ya Kenya haimruhusu raia kumiliki bunduki ya aina hiyo.) Ningemshauri aweke fedha nyingi kwenye mtutu na bolti (kipande kinachoziba nyuma ya mtutu risasi inapofyatuka), kwa kuwa ndizo zinazobeba shinikizo la baruti, ilhali kitako na mapambo, ambayo vijana huyapenda mno, hubadilishwa baadaye bila taabu. Mtutu wenye chemba (tundu la nyuma linalopokea risasi) ya 5.56 NATO hupiga pia risasi za .223 Remington, aina nyingine inayokaribiana nayo kwa umbo, ambazo mara nyingi ni nafuu, lakini chemba ya .223 haifai kutiwa risasi za 5.56, kwa sababu shinikizo laweza kupita kiasi. Urefu wa mtutu usipungue inchi 16, la sivyo atahitaji usajili maalumu wa serikali kuu ya Marekani. Darubini ya kulengea ya bei kubwa naona ingoje. Kwanza anunue risasi za mazoezi na kabati la chuma lenye kufuli.